Pikipiki Inayokwenda Vizuri Kushoto Tu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, baada ya chai niliyojipikia mwenyewe.

Mpendwa Mama Watoto,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako, zikufikie zikiwa bado za moto. Hujambo? Mgongo je, bado unakubana ukiinama? Binti yetu na mkwe wetu wazima? Na yule mume mwenzangu mwenye meno mapya, aliyeninyang'anya mke bila hata kunipa taarifa, hajambo? Mwambie babu yake anamsalimu, ila hajamsamehe. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na asubuhi nakohoa kidogo ili majirani wajue bado nipo.

Barua yako nimeipata. Uliniuliza jambo moja tu, na ni kubwa: je, naweza kuendelea peke yangu hapa, ili wewe ubaki huko mpaka mtoto aanze shule, au urudi mvua hizi zikiisha? Ukasema nitakavyojibu ndivyo utakavyofanya. Nitajibu. Lakini unanijua, mimi siingii kwa mlango wa mbele wakati dirisha liko wazi. Ngoja kwanza nikupe habari za pikipiki.

Pikipiki yetu iliugua. Unakumbuka ilivyokuwa ikiunguruma, silinda ya kulia na ya kushoto zikipokezana bila kugombana, kinyume cha mimi na wewe. Basi ulipoondoka haikupita muda, moja ikalala usingizi. Ikisimama ilitetemeka hata kioo cha pembeni kikanionyesha majirani wawili wawili, na mmoja mmoja tu wananitosha. Ikitembea ilikuwa inamisi, kama wasemavyo mafundi: inavuta, inakata, inavuta, mithili ya mtu anayesimulia kisa huku mdomoni ana kiazi cha moto. Na hiyo ndiyo inayonipeleka posta kuchukua barua zako, kwa hiyo usidhani ni mchezo. Ikifa, nitaletewa na dada yangu, na wifi yako huyo unamjua, huzisoma kwanza.

Nikaanza kuipima. Nilichovya kidole kwenye maji, nikadondoshea bomba moja la moshi, kisha la pili. La kushoto lililia chsss. La kulia maji yalitiririka tu, yakaenda zake. Nikasema mvivu ni wa kulia. Nikafungua plagi zote mbili, nikazibadilisha, ya huku kule, ya kule huku. Ingekuwa ni plagi, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Nikasugua platini, zile za kuwashia cheche, nikaishusha kabureta ya kulia, nikaiosha kwa petroli na kuipuliza kwa mdomo, mpaka chakula cha mchana kikawa na ladha ya petroli. Vyote visafi. Beseni lako la bluu lilisaidia sana, na kuhusu hilo beseni usiniulize zaidi.

Ajabu ilikuwa moja. Nikikata usukani kushoto, inatulia, inaimba kama enzi zake. Nikiunyoosha, yale yale. Basi jioni nikawa naizungusha uani, kushoto, kushoto, kushoto, ili nisikie tu ule mlio. Nikiusikia najua mikono yako iko kiunoni mwangu, na kile kidole chako kinanichoma ubavuni kwa sababu nimekwenda kasi penye kona ya kiwanda. Nazunguka mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Fundi cherehani wa jirani alisogeza mashine yake dirishani apate kunitazama vizuri. Siku moja akaniuliza kwa kucheka kama kuna kitu nimekipoteza hapo uani. Nikamwambia ndiyo. Akaacha kucheka.

Nikamwita Fundi Spana, yule anayetembea na spana mfuko wa nyuma hata msibani. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akafunga macho kama anayeonja mchuzi.

"Mzee," akasema, "silinda ya kulia imechoka. Kitu kikizeeka kinapumzishwa."

Nikamtazama. Hakuwa anaitazama pikipiki. Nikamwambia aanze yeye kuupumzisha mdomo wake. Wifi yako akadakia kutoka jikoni kwamba fundi kasema kweli, na kwamba mwanamume wa umri wangu chombo chake cha usafiri ni kiti. Alikuwa ameunguza maharage siku hiyo, kwa hiyo sikuona kama ana haki ya kumshauri mtu.

Basi juzi asubuhi nimeiwasha uani, inatetemeka kama kawaida yake. Mbuzi wa jirani akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akaanza na shati langu jeupe, lile unalolipenda. Sasa hapa pana jambo hulijui, na nilikuwa nimeazimia usilijue. Goti langu la kulia limeingia ukaidi, na nimejipatia fimbo. Haya, si fimbo, ni mkongojo. Kutoka getini pale posta mpaka dirisha la barua siendi tena bila huo. Huwa naufunga juu ya usukani kwa mpira, nimeubana vizuri, ukiuona kwa mbali utadhani pikipiki ilizaliwa nao. Nikauchomoa haraka nimtie adabu yule mbuzi. Nilipouchomoa tu, injini ikatulia.

Nilisimama pale, mkongojo juu, nikisikiliza. Silinda zote mbili, sawasawa, moja baada ya nyingine. Mbuzi alikula mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko na sikumgusa.

Kumbe mkongojo ulikuwa umeukandamiza waya wa mafuta wa kushoto, ule unaofungua kabureta ya upande huo, pale kwenye usukani. Muda wote umevutwa kidogo, hata nikiachia mafuta. Silinda ya kushoto ikawa inabeba mzigo peke yake, na ya kulia, masikini, haipewi kazi, ikaonekana mvivu. Nikikata usukani kushoto, waya unalegea, zinapatana. Siku zote hizo nilikuwa namtukana mzima.

Pikipiki imepona, ila sasa mkongojo hauna pa kukaa. Nimeubeba mgongoni, ukamvua kofia fundi cherehani. Nimeukalia, siwezi kukuandikia kilichotokea. Fundi Spana akaja kutaka tupatane. Alitaka kunichomelea kishikio cha chuma hapo nyuma, juu ya kiti, mkongojo ulale humo. Kazi ndogo. Alikuwa ameshainama na chaki yake anaweka alama. Nikamshika mkono.

Nikamwambia, "Hapo usiguse. Hapo pana mwenyewe."

Akafuta chaki kwa kiganja, akaondoka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nilikuwa nimekuandikia kwamba naweza, kaa huko, mlee mjukuu wetu, mimi ni dume. Barua hiyo ilikuwa na mwandiko mzuri kuliko huu. Nimeichana. Siwezi, Mama Watoto. Kupika naweza, kufua naweza, wifi yako namvumilia. Lakini kitanda nakitandika upande mmoja, na nikisikia jambo la kuchekesha nageuza kichwa kukutafuta, naukuta ukuta. Rudi mvua zikiisha. Najua mtoto atalia. Mimi pia nililia, tofauti ni kwamba sikuwa na wa kunibeba. Binti yetu akinuna, mwambie ni baba yake mkorofi aliyeyataka haya, asikulaumu wewe.

Nitakuja kituoni na pikipiki. Utakaa nyuma. Mkono mmoja utashika mkongojo wangu, na mwingine utanishika mimi.

Nisalimie binti yetu na mkwe wetu, na mtoto mbusu kisogoni. Wifi yako anakusalimu. Amesimama nyuma yangu anasoma. Mungu akulinde barabarani, akulaze salama, akuamshe na hamu ya kwetu.

Ni mimi wako akupendaye, hata ukiwa umenuna,

Mzee wako wa nyumba ya kona.