Gugu Tulilolirundika Ufukweni

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Kisumu nzima hakuna babu mtanashati kunishinda, hata ziwa linajua jina langu. Usicheke. Nimekuzidi miaka michache tu, lakini kwa ukoo mama yako ananiita baba, kwa hivyo niamkie vizuri, mjukuu. Huku tuko salama. Mama yangu bado anakaanga samaki, ila siku hizi ni Kondele, mbali na maji.

Unauliza kama ukubali kuongoza wenzako kwenye mafunzo ya mazingira likizo hii. Mimi niliongoza ya kwetu kabla sijaacha shule. Wageni walioleta mafunzo hayo walinivisha fulana, wakanipa kipaza sauti, nikawatangazia akina mama wa ufukweni, "Tuvute hili gugu maji, mashua zifike!"

Mmoja akauliza, "Na tukishavuta litaenda wapi, Bwana Kapteni?"

"Lori linakuja, Mama." Wageni ndio walioniambia.

Tukavuta mpaka viuno vikauma, tukalirundika ukingoni. Picha zikapigwa, wageni wakaenda, lori halikuja. Mvua ziliponyesha ziwa lilipanda, likalibeba gugu lote tena, na mashua zikakosa njia.

Wewe nenda, una kichwa kunishinda. Ila lione lori kwanza kwa macho yako.

Gugu lenyewe hurudi kila mwaka, nimelizoea. Kilichoharibika kweli ni kwamba nilipowaita wale akina mama mara ya pili, hakuna aliyetoka, na tangu hapo mimi sijaweza kumwita mtu yeyote.

Babu yako mdogo,
Ochieng'