Kikombe cha Upande wa Kuume

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi kavu. Upepo unatoka upande wa kiwanda cha Shituru na vumbi lake linaingia hata ndani ya uji. Nimeketi dirishani na mablanketi mawili, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, napumzika kila baada ya sentensi. Mapafu yamefika mwisho wake. Daktari ameacha kunizungumzia miezi iliyobaki. Siku hizi ananiuliza tu kama ninalala.

Nataka kuandika haya leo, kwa sababu sina hakika na wiki ijayo.

Binti yangu Mado ana gereji hapa uani, na ana gari la mbio. Ni dogo, la viti viwili, jekundu. Alilinunua likiwa limegongwa, akalifufua mwenyewe. Jumamosi hulipeleka kwenye uwanja wa mbio nje ya mji. Liko chini sana. Hata paka wetu huinama kabla ya kupita chini yake.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kati ya mzunguko na mzunguko lazima abadilishe magurudumu, na kriki, ambayo wenzetu wa mashariki huiita jeki, haiingii chini ya gari hilo. Ilimbidi kwanza alipandishe juu ya vipande vya mbao, ndipo kriki ipate nafasi, ainue gurudumu moja, ashushe, ahamie lingine. Siku moja ubao uliteleza na gari likakalia kriki, sakafu ikapasuka. Wenzake walimcheka. Walimuuliza kama amekuja kukimbia au kujenga nyumba.

Nikamwambia aniachie mimi. Maisha yangu yote yalikuwa ni kuinua vitu vizito. Niliongoza karakana ya kunyanyulia mizigo kiwandani, kisha nikafundisha uchoraji wa kiufundi mpaka nilipostaafu. Nilichora kipande cha chuma kinachofungwa kwa bolti chini ya sakafu ya gari, katikati ya ubavu, pale uzito unapolingana mbele na nyuma. Kichwa cha chuma hicho kinachomoza kidogo ukingoni, na chini yake kuna kikombe kilichopinduliwa mdomo chini, ambamo kichwa cha kriki kinaingia na hakiwezi kuteleza. Unasukuma kriki kutoka nje, bila kuinama, na magurudumu yote mawili ya upande huo yanaacha ardhi. Kikombe kimoja kushoto, kimoja kuume.

Hesabu zilikuwa sahihi. Hilo nalisema bila aibu.

Kosa lilikuwa mkononi.

Kalenga ndiye fundi wa kuchomelea katika gereji ya Mado, mtu mzima mwenye ulimi usiopumzika. Jumatatu alichomelea kikombe cha kushoto. Aliponyoosha mkono kuchukua cha kuume, nikamzuia. Nilisema hiki ni changu.

"Muzee, mupumuzike," aliniambia. "Mukifia hapa, Mado atanilipisha sanduku."

Tulicheka. Nikamjibu kwamba nilichomelea kulabu za kunyanyulia tanuru kabla baba yake hajamjua mama yake. Yeye na wenzake wakaniletea kigoda mbele ya meza ya kazi, wakanivika kinyago cha kuchomelea. Ndani ya kinyago niliona mwanga tu. Mkono ulitetemeka, pumzi ilikatika, nikaendelea kwa kukisia.

Walipokwenda kunawa, nilivua kinyago nikapitisha ukucha juu ya mshono. Ulikuwa na matundu. Chuma kilikuwa kimekaa juu ya chuma kama nta ya mshumaa, hakikushikana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniletea kazi hiyo ningemrudishia bila neno.

Kulikuwa na kopo la rangi nyeusi karibu. Nilipaka mara mbili, haraka, nikasema ni kwa ajili ya kutu.

Mado alipita, akatazama, akaniwekea mkono begani. "Papa, hii njo mukono yenu," alisema, kwamba hii ndiyo kazi ya mkono wangu.

Nilimwacha aamini. Nilitaka kiwepo kitu kimoja kitakachoendelea kufanya kazi baada yangu, na watu pale uwanjani waulize ni nani alikitengeneza. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine iliyo bora, sikuipata.

Sasa lazima nieleze desturi ya karakana yetu. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeivunja. Mtu aliyechomelea kifaa cha kunyanyulia ndiye anayesimama chini ya mzigo siku ya kwanza. Haweki magogo ya kuzuia, hamtumi mwenzake. Ilitufanya tuangalie mishono yetu kwa macho mawili. Nimemsimulia Mado habari hiyo tangu utoto wake, nikijisifu.

Jumanne, tukiwa tunakula, aliikumbuka. Kikombe changu na cha Kalenga vilikuwa vimeshafungwa kwenye gari. Alisema desturi ya papa lazima ifuatwe, nani basi atalala chini? Kalenga akasema atalala yeye, pande zote mbili. "Muzee akiingia chini ya hii gari, nani atamutosha inje?" Wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Likaachwa hivyo.

Jumatano, wakati wa chakula cha jioni, Mado alibadili mawazo.

"Hapana. Upande wa papa ni wangu," alisema. "Minye njo mutoto yake."

Alisema kwa fahari kwamba yeye ndiye mtoto wangu, akaniongezea samaki. Nilimla samaki yule.

Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Nilijiahidi kwamba nitasema asubuhi, wakati wa chai, kwa utulivu, kama mtu anayetoa maoni.

Leo asubuhi niliamshwa na sauti ya kriki.

Walikuwa wameanza mapema kabla wateja hawajafika. Nilijikokota mpaka dirishani. Ubavu wa kuume wa gari ulikuwa umeshapanda, magurudumu yote mawili yananing'inia hewani kama nilivyochora. Kalenga alishika mpini wa kriki. Mado alikuwa amelala chali juu ya gunia, anajisukuma kwa visigino. Kichwa na mabega vilikuwa vimeshaingia chini.

Nilifungua kinywa. Sauti yangu siku hizi haivuki hata meza.

Kiwandani kulikuwa na kelele, hatukuwahi kuitana kwa mdomo. Aliyeona hatari aligonga chuma mara tatu, na kila mtu alijua maana yake: acha, toka chini. Mado alipokuwa mdogo aliucheza mchezo huo kwa masufuria ya mama yake mpaka akanyang'anywa mwiko. Nilichukua kopo langu la bati, lenye uji wa jana ndani, nikagonga nondo za dirisha. Uji ukanimwagikia kifuani. Niligonga tena.

Kalenga aligeuka kunitazama, hakuelewa. Lakini visigino vya Mado vilisimama. Kisha akaanza kurudi nje, taratibu, bila kugusa gari.

Alikuja dirishani. Kalenga alikuja nyuma yake.

"Papa, iko nini?"

Nilimwambia kwamba mshono wa kuume ni mbovu. Nilimwambia habari ya rangi. Sauti ilitoka kipande kipande, naye alisubiri kila kipande.

"Mulijua siku gani?"

"Siku ile ile."

Alinitazama. Ana macho ya mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Na jana tulikula pamoja," alisema.

Alirudi, akashusha gari polepole, akachukua nyundo, akapiga magoti. Alikipiga kikombe ubavuni mara moja. Sikusikia mlio wa chuma kinachokataa, nilisikia kama kigae kinavunjika. Kikombe kilibingirika uani mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Kalenga alikifuata, akakiokota, akakigeuza mkononi.

Kabla ya saa sita alikuwa amechomelea kingine. Alilala yeye mwenyewe, kushoto kisha kuume, na Mado akasukuma kriki. Gari lilipanda kwa urahisi, halikuyumba, kama mtu anayeinua upande wa kitanda kufagia chini. Kazi iliyokuwa inawatoa jasho na mbao zao sasa inaisha kabla mtu hajamaliza kufuta mikono. Niliyaona yote hayo kutoka dirishani. Nilitazamia kwamba ningefurahi.

Mado ameniletea uji mwingine na shati safi. Amenisaidia kuvaa, mikono yake ni laini kama siku zote. Kisha akaweka kile kikombe changu hapa dirishani, karibu na dawa.

"Mubaki nayo," alisema, na akaenda kula jikoni peke yake.

Mchana kutwa nimekuwa nikikwangua ile rangi kwa ukucha.

Kalenga alipita kuniaga kabla ya kwenda kwake. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa. Alisema Mado atapoa, nisiwe na wasiwasi, watu wote wanakosea. Kisha akasema hivi: "Aksanti, muzee. Mulimuokoa mutoto."

Nilikubali shukrani hiyo. Nilitikisa kichwa kama askofu.

Yeye hajakumbuka, au ana moyo mwema kiasi kwamba hawezi kukumbuka. Jumanne mezani ni yeye aliyejitolea kulala chini ya mshono wangu. Siku ile nilijua kama ninavyojua leo. Kopo la bati lilikuwa mkononi mwangu, na nondo za dirisha zilikuwa mahali pale pale. Kalenga ana mke na watoto wanaoniita babu.

Nilianza kutafuta maneno Jumatano tu, Mado aliposema kwamba atalala yeye.

Kalenga hasomi ninayoandika hapa, wala haifai asimuliwe na mtu mwingine. Kesho akija, kabla hajavaa nguo za kazi, nitamwomba akae kwenye kiti hiki cha pembeni, nami nitamwambia kwa mdomo wangu, kama pumzi itakuwepo. Asiponishika mkono tena, nitakuwa nimepata haki yangu.

Na daktari akiniuliza, sitamdanganya. Jumatano sikulala. Jumanne nililala vizuri, mpaka kukakucha.