Pumzi Zilizopulizwa kwa Adabu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia na bado unapanda kutoka shambani bila kupumzika njiani. Mama je, kikohozi chake cha asubuhi kimepungua, au mnanificha? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ng'ambo ni kama ya kwetu ya mwezi wa saba, isipokuwa jua likitoka haiondoki.

Umeniuliza mafunzo yataanza lini hapo wilayani, kwa kuwa watu wa Vuga wanakuuliza. Hayataanza. Nitakueleza kwa utaratibu, ili nawe uwe na jibu la kweli la kuwapa.

Unakumbuka tulivyokuja na Profesa wangu tukiwa na kile chombo chenye mrija wa kupuliza. Kusudi letu lilikuwa kujua moshi wa jikoni umeyadhuru kiasi gani mapafu ya wanawake wanaopikia ndani. Kama tungelithibitisha hilo, wafadhili wangetupa kituo kidogo Lushoto, nami ningerudi kuwafundisha madaktari wetu wawili chipukizi, Hoza na Rehema, utafiti wa magonjwa ya mapafu na uangalizi wa wagonjwa mahututi. Profesa aliomba awepo mzee anayeheshimika, ili wanawake wasiwe na shaka. Ukakaa barazani tangu asubuhi ukiwakaribisha mmoja mmoja. Mimi nami niliona ni sawa kabisa.

Chombo kile hakipimi mapafu peke yake. Hupima pia nia. Mtu asipopuliza kwa nguvu zake zote mpaka pumzi imwishie, karatasi itaonyesha mapafu dhaifu hata kama ni mazima. Karibu wanawake wote walionekana dhaifu. Profesa alifurahi, kwa namna watafiti wanavyofurahia habari mbaya, akatangulia kuondoka na karatasi zote.

Kesho yake nilikuwa jikoni na wifi, mke wa kaka Salimu. Kuni zilikuwa mbichi. Aliinama akapuliza pumzi moja ndefu, jivu likaruka mpaka mlangoni na moto ukawaka. Nikamuuliza mbona jana chombo kilisema hana pumzi.

"Wifi, umesoma mpaka adabu imekutoka?" akasema huku anacheka. "Nitoe macho, mate yaruke, na Baba Mkwe ananitazama? Nilipuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto."

"Na wenzako?"

"Nani pale si mkwe wa yule mzee, kwa ndoa au kwa heshima? Tuliambizana njiani kila mmoja ajistahi."

Baba, hilo si kosa lako wala lao. Walifanya kama walivyolelewa, nawe ulikaa ulipoombwa ukae. Lakini karatasi haina mahali pa kuandika heshima.

Niliporudi huku nilimweleza Profesa. Akauliza kama ugonjwa upo au haupo. Nikamjibu kwamba upo, maana nimeusikia kifuani mwa Mama kwa masikio yangu, ila sisi hatukuupima. Aliwaandikia wafadhili hivyohivyo bila kupamba, na kwa hilo namheshimu. Tuliomba kurudia vipimo, safari hii wanawake wakiwa peke yao. Tulijibiwa kwamba nafasi yetu imekwisha kupewa nchi nyingine.

Nikaiandikia wizara. Huko nako ajira mpya zimesimamishwa, nawe unajua jinsi hata waliomo kazini wanavyopunguzwa. Hoza amechoka kusubiri; anauza dawa katika duka la mtu binafsi mjini Tanga, na ameniandikia kwamba anashukuru kuwa na kazi. Rehema bado anasoma majarida ninayomtumia, na kila barua yake ina swali zuri kuliko lililotangulia. Kumfundisha mtu kuuliza, kisha kumnyima mahali pa kutafutia jibu, ni ukatili wa aina yake, na siwezi kusema kwamba sikushiriki.

Mimi nimepewa kazi ya kudumu ya kuwafundisha madaktari vijana wa huku, katika wodi ambayo kila mgonjwa ana mashine yake ya kupumulia. Nimekwisha kutia saini. Wanafunzi ni hodari. Nisingekuwapo, angewafundisha mwingine, na wala wasingepungukiwa na kitu.

Tafadhali usimsomee Mama barua hii. Mweleze mwenyewe kwa Kishambaa, akiwa ameketi, kwamba sitarudi kufanya kazi nyumbani. Nitakuja kama mgeni, nitakapopata likizo. Mwambie pia apikie nje siku zisizo na mvua, na akipikia ndani mlango uwe wazi. Baada ya masomo yangu yote, huo ndio ushauri nilio nao kwa kifua chake.

Nisalimie kaka Salimu na wifi, wala wifi asidhani kwamba amevunja kitu. Nisalimie Shangazi wa Bumbuli, na Bibi mzaa Mama, ambaye najua atauliza kwa nini sijaolewa. Na Rehema akipita hapo kuulizia habari, kama afanyavyo kila akienda sokoni, mpeni chai, mzungumze naye mambo mengine. Nimeanza kumwandikia mara kadhaa, na kila mara naishia kwenye salamu.

Ni mimi binti yako nikutiiye,
Zaina