Mama Amepata Hati ya Shamba

Kaka yangu mpenzi,

Huku sote wazima, ila paa la jikoni bado linavuja. Habari kubwa ni kwamba Mama amepata hati ya shamba!

Miaka minne wenzangu wa masjala ya ardhi walikuwa wakimwambia, "Faili halionekani, rudi wiki ijayo." Kompyuta zikaletwa, mafaili yote yakaingizwa humo, lakini wananchi waliziogopa. Nasi makarani, niseme kweli, tulizisusa kwa kuhofia vibarua vyetu.

Jumatatu aibu ilinizidi. Nikaitoa kompyuta hadi kwenye foleni, nikamwita Mama mbele ya watu.

"Mwanangu, mimi mashine siijui."

"Taja jina la marehemu Baba tu. Nitaandika, wewe utazame."

Shamba likatokea pale pale kwenye skrini, na hati ikachapishwa. Mama alipiga kigelegele, foleni nzima ikaitikia, na kufikia adhuhuri bosi mwenyewe alikuwa akibeba viti vya wanaosubiri.

Sikutaka kukutia wasiwasi, lakini ba'mdogo alishafunga kamba za mipaka shambani ili auze viwanja. Mama alimwendea na hati mkononi.

"Shemeji, kusanya kamba zako."

Akazikusanya, kaka, moja baada ya nyingine, sote tukimtazama.

Ni mimi dada yako,
karani wa mlangoni