Sindano Iko Ng'ambo ya Daraja

Jumatano, 2 Desemba 2020

Mervyn kapiga honi ya trekta kutoka darajani mpaka mlangoni kwake. Nikadhani ng'ombe wake kazaa pacha. Kumbe London wameidhinisha chanjo ya corona. Wa kwanza duniani, anasema, kifua mbele kama vile aliichemsha yeye jikoni kwake.

"Sisi tumejitoa Umoja wa Ulaya, jirani. Tuna ofisi yetu ya dawa, tunajiamulia. Nyinyi mliobaki mnangoja ofisi ya dawa ya Ulaya kule Amsterdam, na Amsterdam bado wanasoma makaratasi."

Ana miaka themanini na moja, mwache afurahi. Lakini imeniuma.

Alhamisi, 3 Desemba

Siku ya karata. Yeye na kiti chake kwenye nusu yake ya daraja, mimi na changu kwenye nusu yangu, ndoo imepinduliwa katikati ndiyo meza. Kaskazini kwake, chini ya London; Jamhuri kwangu, ndani ya Ulaya; kijito kinapita chini bila kuulizwa pasipoti. Sote tumevaa glovu za kuoshea vyombo. Shika karata tano na hizo glovu uone. Leo karata ya malkia wa shupaza imeanguka majini, na ilikuwa yangu!

Redio imesema hiyo idhini yao ya dharura ingewezekana hata wangebaki Ulaya, sheria ya zamani ilikuwa inaruhusu. Nikamwambia. Akasema nisimharibie sherehe.

Tangu mkewe Ruby afariki, miaka sita sasa, kila Alhamisi Mervyn alikuwa anakula keki mezani kwangu. Corona ikaja, akaacha. Mapafu yake ni mabovu. Daktari wake kasema ndani ya nyumba marufuku mpaka wote wawili wachanjwe. Wote wawili. Kwa hiyo hao wa Amsterdam wananihusu mimi binafsi, na wasome haraka.

Jumatatu, 21 Desemba

Amsterdam wamepitisha. Nimetoka nje na kengele ya baiskeli, nikaipiga hadi kidole kikafa ganzi kwa baridi. Mervyn akafungua dirisha.

"Hongera, jirani. Na dozi ziko wapi?"

Kweli, ziko wapi?

Ijumaa, 8 Januari 2021

Mervyn kachanjwa. Kaja darajani na baridi yote hii, shati kalivua nusu, ananionyesha plasta. Nikasema sioni kitu. Akasogea. Nikasema bado sioni. Akasogea tena, anatetemeka. Nilikuwa naiona vizuri tangu mwanzo.

Nimempigia daktari wangu. Binti wa mapokezi kasema, mama, kwa umri wako labda Machi, labda Aprili, inategemea zinavyoletwa. Nina sabini na saba. Nimemuuliza kama anajua keki inakaa siku ngapi bila kuharibika. Kasema hajui.

Jumamosi, 30 Januari

Jana vituko vitupu. Ulaya wakatangaza kwamba chanjo zinazovuka mpaka wetu kwenda kaskazini zitadhibitiwa. Kabla sijalala wakawa wamefuta kauli. Mpaka gani huo wa kudhibiti? Hata mbwa wa Mervyn anakula chakula cha asubuhi kwake na cha jioni kwangu.

Asubuhi nimemkuta darajani, kofia ya mvua kichwani, kanyoosha mkono kama askari wa forodha. "Simama, mama. Una chanjo yoyote unayovusha?"

"Ningekuwa nayo ningekuwa nasimama hapa na wewe?"

Tukacheka mpaka akaanza kukohoa. Akakohoa sana, kashika ukingo. Nilitaka kumpiga mgongo, nikaishia kusimama na glovu zangu kama mjinga. Alipopata pumzi akauliza kama bado naoka. Nikasema naoka, nakula peke yangu, nanenepa. Hakunitania. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi.

Alhamisi, 18 Februari

Karata hazikuchezwa. Mervyn kaja anakwepa macho yangu, nikajua kuna jambo.

Kaenda kliniki kwao, akamwambia Hazel wa mapokezi kuna mwanamke anahamia nyumbani kwake, aandikishwe, apate sindano na wenzake wa rika lake. Hazel akauliza, anahamia kama nani? Mpangaji? Mfanyakazi?

"Ningekuita mfanyakazi ungenisamehe?" ananiuliza.

"Sasa umeniita nani?"

Akaangalia maji. "Mchumba."

Huyu mtu, katika uongo wote uliopo duniani, kaona huo ndio mdogo. Na kamwambia Hazel, mpiga kinanda wa kanisa lao la Presbiteri! Hazel akijua kitu, hadi kondoo wanajua.

Ijumaa, 19 Februari

Simu haijapoa. Muuza mayai kanipa hongera na mayai mawili ya ziada. Padri Fintan naye kapiga.

"Attracta, nasikia unahamia kwa Wapresbiteri."

"Ni kwa ajili ya sindano tu, Padri."

"Nimefungisha ndoa nyingi kwa sababu dhaifu kuliko hiyo."

Mchana kapiga Hazel mwenyewe. Nafasi ipo, Jumamosi ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Ila kasema waziwazi, kwa upole: dozi ni ya mtu anayeishi upande wao, wengi wanajaribu kuvuka, na yeye hatamwongopea daktari kwa ajili ya yeyote. Nimjibu kabla ya kesho kutwa jioni. Naishi huko au siishi?

Siishi. Dozi hiyo ni ya bibi mwingine anayengoja dirishani kama mimi. Nimemtumia Mervyn ujumbe: futa. Nitangoja Aprili.

Halafu nikakaa nikahesabu Alhamisi zilizobaki, na nikasikia kikohozi chake kutoka ng'ambo.

Jumapili, 21 Februari

Nimerudi kutoka kusikiliza misa redioni, yaani kutoka sebuleni. Mervyn yuko darajani. Suti ya mazishi ya Ruby, imepigwa pasi. Kiti chake mkononi, karata hana.

Nikavaa glovu, nikatoka. Nikamuuliza kama amefuta.

"Sijafuta."

"Mervyn, mimi siibi dozi ya mtu."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kuomba uongo." Akaonyesha nyumba yake. "Vyumba viwili vya juu ni vitupu. Jiko ni zuri kuliko lako. Mbwa tayari amekubali."

"Ni kwa ajili ya sindano?"

"Sindano ni Jumamosi. Mimi nauliza habari ya Jumapili na kuendelea, Attracta."

Miaka yote hii naitwa jirani. Jirani nipe chumvi, jirani umenidhulumu karata. Sikujua kama jina langu analiweza. Kalitamka vizuri.

Nikamwambia angoje kidogo, nimeacha birika jikoni. Kweli niliacha. Nimeingia, nimelizima, nimekaa kuandika haya kabla sijamjibu. Nafasi ya Hazel bado ipo, mpaka jioni. Padri Fintan hakukataza. Ndugu zangu watasema mengi, lakini hakuna hata mmoja wao anayekuja Alhamisi.

Nimechungulia dirishani. Hajaondoka. Kiti kakivusha, kakiweka kwenye nusu yangu ya daraja, na kakikalia, mikono magotini, anaangalia mlango wangu.

Birika limezimwa kitambo. Nimevua glovu, natoka kumpa mkono.