Konokono wa Bwana na Kioo Nilichokigeuza

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kaa hivyo hivyo ulivyo, usigeuke. Mimi pia nimekupa mgongo, kama mila ya wakwe kutotazamana ilivyotupasa miaka yote ile. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisamia changu ulikiita kikohozi cha mbuzi, na Kidhopadhola chetu uliapa hutakijua hata ukifukuzwa na nyati. Tukabaki na Kiswahili chako cha soko la Busia, kile ulichouzia samaki wakavu pande zote mbili za mpaka. Mimi nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo herufi zikiyumba kama watu wanaotoka kwenye pombe ya busaa, usimlaumu mwalimu. Mwalimu alijitahidi.

Nataka tuongee habari ya safari ya konokono. Hatukuwahi kuiongea sawasawa, maana wewe na mimi hatukuwa watu wa kuongea. Tulirushiana maneno kupitia kwa Nafula, binti yako, mke wangu, kama watoto wanaorushiana mpira juu ya paa. Sasa Nafula naye amekufuata huko, na mpira umebaki mkononi mwangu.

Unakumbuka siku zile za Mwingereza nilikuwa dereva wa bwana mpima ardhi pale Tororo, chini ya lile jiwe kubwa kama mlima. Bwana akaletewa nyumba ya magurudumu kutoka Nairobi. Ndani kitanda cha kukunja, meza ya kukunja, viti vya kukunja. Kila kitu kilikunjika isipokuwa bwana mwenyewe. Akaniambia likizo ikifika anataka kumpeleka mkewe na watoto kwenye msitu wa kando ya ziwa, kule chini ya Masafu, wakalale huko siku saba. Nikamuuliza, "Bwana, nani amekufukuza nyumbani?" Akasema ni kwa ajili ya kufurahi. Mtu ana nyumba ya matofali na bado anafurahi kulala porini, utamwambia nini?

Akanipa karatasi na penseli. Niandike mpango, nitangulie na lori na ile nyumba, nitafute mahali pa kambi, nilale siku moja, nirudi nimweleze.

Nilimwambia Nafula, Nafula akakwambia, na hapo ndipo wewe uliponishika masikio bila kunigusa. Maana msitu ule kwako haukuwa msitu. Ulikuwa kwenu. Ulizaliwa pale kabla serikali haijawahamisha watu wote wa ufukweni kwa sababu ya malale. Ulitoka pale msichana, chungu cha mama yako kichwani, na miti ikala nyumba zenu zote. Baadaye njia ilifunguliwa lakini hakuna aliyerudi. Wanao pale Masafu uliwaomba wakupeleke mara ngapi? "Mama, huko kuna nini? Nyani tu." Wewe ulitaka kitu kimoja kabla hujafa: kusimama tena penye jiko la mama yako. Hukuwa na gari wala mwana mwenye sikio. Ulikuwa na mkwe tu, tena Mjopadhola wa Sop Sop, mwenye konokono wa kuazima. Jina hilo la nyumba ya magurudumu ulilitoa wewe. Ulisema mnyama anayebeba nyumba yake mgongoni anajulikana.

Basi nikakubali kukuchukua wewe na Nafula, nikaja Masafu kukusomea mpango. Wewe ndani ya jiko, mimi nje nimeegemea ukuta, uso kwenye mihogo. Nafula amekaa mlangoni katikati yetu.

"Nafula, huyo mtu yako nasoma nini?"

"Mpango wa safari, mama."

"Kambi ameweka wapi?"

Nikajibu mwenyewe kwa sauti ya karani. "Karibu na maji, mahali wazi, penye majani mafupi."

Ukacheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. "Ambia yeye, majani mafupi karibu na maji ni sahani ya kiboko. Kama si kiboko, nani anakata hayo majani? Gavana?"

Nikafuta. Nikaandika kambi iwe chini ya mkuyu, kwa ajili ya kivuli.

"Mkuyu ikizaa, nyani nakuja kula. Ikimaliza kula, nafanya ile kazi ingine. Bwana atakunywa chai na mwavuli."

Nikafuta. Nikataja dawa ya mbung'o ya bwana, ile ya chupa.

"Mbung'o hapana soma chupa. Ambia yeye alete mavi ya ng'ombe, makavu, magunia mawili. Tutafukiza kabla ya kushusha kitu."

Ukaendelea hivyo mpaka jua likaegemea. Maji ya kunywa yatoke kisima cha Masafu, si ziwani. Kuni zikatwe njiani, maana za msitu ule zimelowa. Konokono asimamishwe mdomo wake umeelekea barabarani, ili tukikimbia tusianze kwanza kugeuza. Lo! Hilo la mwisho bwana mwenye digrii hakulifikiria, na mimi dereva sikulifikiria. Jioni ile karatasi yangu ilikuwa imebaki na jina langu tu juu; mengine yote yalikuwa yako. Nimewaendesha wapimaji, madaktari na askofu mmoja aliyetapika njia nzima. Sijaona mpangaji kama wewe, na hukujua kusoma hata jina lako.

Likabaki la kulala. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hilo hata mbwa wa kijiji wanalijua. Nikasema nyinyi mtalala ndani ya konokono, mimi kwenye kiti cha lori. Nafula akauliza swali la kishetani: lori na konokono vikiwa vimeunganishwa, si ni nyumba moja?

Ulifikiri kidogo, halafu ukahukumu. "Kama kamba inafanya vitu viwili kuwa kimoja, basi ng'ombe na kigingi ni ndugu. Tunakwenda."

Tukaenda. Kosa lililofuata ni langu, na nadhani hakuna dereva wa nchi nyingine duniani angelifanya. Tulipotoka Masafu ukatoa kichwa dirishani mwa konokono kunusa upepo. Nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni niangalie kama magurudumu yanafuata vizuri. Nani ndani ya kioo? Wewe! Uso mzima, na leso yako nyekundu. Nilishtuka kama niliyekukuta unaoga. Nikanyoosha mkono, nikakigeuza kioo kikatazama mbinguni. Kwa heshima! Nikaendesha hivyo, nyuma yangu sijui kitu, mbele naimba.

Penye kupanda kilima lori likapata nguvu za ajabu. Nikajisifu. Nikasema leo nimelipata, bwana akisikia ninavyopanda vilima ataniongeza mshahara. Nilikwenda kitambo kizuri nikijisifu, mpaka nikasimama kukagua kiungo, na nyuma ya lori hapakuwa na kitu. Barabara tu, na jogoo mmoja wa watu.

Mama, sikuwahi kukwambia nilivyorudi. Nilirudi kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, nalia. Natunga maneno ya kuwaambia wanao: nimempoteza mama yenu, na mke wangu, na nyumba ya Mzungu, vyote siku moja.

Nikawakuta. Pini ya kuunganishia ilikuwa imeruka, konokono ameinamisha pua kwenye nyasi kama ng'ombe anayekunywa. Nafula amesimama kando yake. Wewe umekaa kando ya barabara, umenipa mgongo, leso haijapinda hata kidogo, unamenya njugu.

"Nafula, mtu yako amefika ziwani?"

"Amerudi, mama."

"Uliza yeye, macho alikuwa ameweka wapi?"

Nikaungama. Nikasema nilikiona uso wako kwenye kioo, nikakigeuza. Ukamenya. Njugu moja, njugu mbili. Nilingoja unitukane mimi na ukoo wangu mpaka Sop Sop, na ningesema asante.

"Ambia yeye arudishe kioo," ukasema. "Ile ya ndani si mimi. Ni picha. Picha haina mkwe."

Ukachana ukingo wa leso yako, ukampa Nafula kitambaa, na mimi nikaifunga pini nacho. Haikuruka tena. Mbele ya wazee wa kwetu nimewahi kuisimulia hukumu ile ya picha, na wazee waliobishana mirathi ya ndizi mwezi mzima waliikubali papo hapo.

Lakini mama, kioo kiliporudi ndipo nilipoona. Kwa miaka saba nilikuwa nimekujua kwa sauti, kisogo na visigino tu. Sasa nikayaona macho yako. Meupe. Maziwa matupu. Jua lilikuwa linakupiga usoni na hukupepesa. Nikaelewa kwa nini kila mara mkono wako ulikuwa begani kwa Nafula, kwa nini ulipima mahindi kwa vidole, kwa nini ulinusa njia. Uliwaficha wanao upofu wako, maana wangekufungia nyumbani kama kuku anayeatamia. Nafula alijua. Mimi peke yangu, kwa adabu zangu nyingi, ndiye sikujua.

Tulipofika, tukafukiza kama ulivyoagiza, kisha ukavua viatu ukaanza kutembea. Huku mteremko, hapana. Huku udongo wa mchanga, hapana. Nafula nyuma yako, mimi nyuma ya Nafula nimetazama pembeni. Ukasimama. Ukakwangua majani makavu kwa kidole cha mguu, ukainama, ukashika. Jiwe. Ukapapasa, la pili. La tatu mti ulikuwa umelikumbatia kwa mzizi, lakini lilikuwepo. Mafiga ya mama yako. Ukakaa katikati yake, mahali pa moto, kama chungu.

Baadaye ukamuuliza Nafula, "Ziwa likoje?" Ulisema zamani mama yako alikuwa akikoroga ugali huku anatazama maji.

Nafula akasema anakwenda kuleta kuni. Kuni zilikuwa kwenye lori.

Ndipo ukaniambia mimi. Moja kwa moja, bila mpira kupita kwa mtu. "Aliye nyuma yangu aseme."

Nikakaa chini, hatua nne kutoka kwako, mgongo kwa mgongo, uso wangu kuelekea ziwani.

"Maji yapo, mama. Ya buluu."

"Saa kumi ziwa letu halijawahi kuwa buluu. Sema vizuri."

"Ya kijivu basi, kama mgongo wa mamba."

"Sasa umefika. Mitumbwi?"

"Mitatu. Wa mbele mtu wake ni mnene, ndege amekaa kichwani pake."

"Mkwe, hapo umetia chumvi."

"Niitoe?"

"Acha. Ongeza."

Nikaongeza. Nikakupa kisiwa, nikakupa wanawake wanaofua, mtoto anayeogopa kuoga, mvua inayotembea mbali juu ya maji bila kufika. Niliongea mpaka koo likakauka, mimi ambaye kwa sheria sikupaswa hata kukohoa mbele yako. Nikasikia nyuma yangu unacheka taratibu, na mara moja unapenga kamasi.

Sasa nikwambie ukweli, maana huwezi tena kunichapa. Hapakuwa na ziwa. Mbele yangu palikuwa na mafunjo, ukuta wa mafunjo marefu kuliko lori, yaliyokuwa yamefunika ufuko wote tangu mlipoondolewa. Sikuona maji hata ya kunawia mkono. Ndiyo maana Nafula alikimbilia kuni.

Kwa bwana niliandika kwamba mahali pale pana viboko wabaya wenye kisirani. Nikampa sehemu nyingine mbali kidogo, yenye mchanga, wakafurahi wakaungua pua. Mafiga yako hakuna Mzungu aliyeyawekea birika.

Miaka hii, mama, naona herufi hizi kama sisimizi ndani ya uji. Maziwa ya macho yako yamenifikia. Mkwe wangu, mume wa binti yetu wa mwisho, ana gari dogo, anakaa Busia ya Kenya. Ni mwalimu, mtu safi sana, hajui kudanganya, maskini. Nimemwambia anipeleke kule, nikae penye mafiga yako, naye akae nyuma yangu aniambie ziwa likoje. Akauliza, "Baba, na kama halionekani?" Nikamjibu hicho ndicho ninachomfundisha tangu mwezi uliopita: chumvi.

Maana nakumbuka tulivyokuwa tunaondoka asubuhi ile. Ulipanda konokono, ukaweka kichwa dirishani, ukarudi kuongea kwa kupitia mtu, kama heshima inavyotaka.

"Nafula, ambia mkwe wangu ziwa lake ni zuri kuliko letu. Letu lilikuwa linalia kwa mafunjo, shwaa, shwaa, kama hili nilisikiliza siku mzima."

Nilishika usukani, sikuweza kuwasha gari. Nilikutazama kwenye kioo. Ulikuwa umekitazama kioo nawe, na macho yako meupe, unacheka.

Lala salama, mama. Msalimie Nafula, mwambie kuni bado hajazileta.

Ni mimi mkweo wa Sop Sop, dereva wa konokono, nikiwa nimekupa mgongo kwa upendo.