Ubao wa Watoto wa Muyinga

Salvator, rafiki yangu,

Jeneza lako nililitengeneza bila kukupima. Mafundi wenzangu hapa Nyamugari walinipa utepe wa kupimia, nikautupa. Urefu wako naujua: mita moja na themanini na mbili. Tena waliokuua walikuwa wameshakupima, mbwa wale.

Dereva wako alinieleza. Alijificha kwenye mtama, akaona yote. Kwenye kizuizi, njia ya Muyinga, wenye mapanga waliukuta ubao wetu umefungwa kitenge. "Bunduki hii!" Ukaufungua, ukasema ni wa kupimia watoto, tujue njaa imewadumaza kiasi gani. Mmoja akacheka: "Basi lala, tukupime we." Ukalala. Ubao una sentimita mia na ishirini. "Miguu iko inazidi," akasema. Kilichozidi wakakikata kwa panga. Halafu wakaendelea kukata, wakipanda juu.

Salvator, ubao ule niliupiga randa mpaka ukawa laini, usije ukamchoma mtoto mgongoni.

Unakumbuka siku ya kwanza kambini Muyinga? Akina mama waligoma. Fundi mbao akimpima mtu amelala, kila mtu anajua kinachofuata. Ukaniambia, "Sheikh, wamekuona una sura ya jeneza," ukajilaza mwenyewe ubaoni, miguu nje kama ndama. Wakacheka. Ukasimama: "Mumeona? Nimeamka." Ndipo wakaleta watoto. Mama ashike kichwa, mi magoti, we usome. Jioni ukanigombeza kwa milimita mbili, eti mbao imevimba kwa mvua. "Mtoto mwenye njaa akikua hizo mbili tu, tutajuaje?" Mimi hesabu nimejifunza kwa kukata mbao, hakuna aliyenifundisha. Nilikuelewa.

Tulipaswa kurudi kuwapima mara ya pili. Juzi shefu, mkuu wetu wa utafiti hapa Gitega, akasema njia ni mbaya, watoto wa Muyinga waandikwe "wamehama". Wote. Nikamuuliza, na waliokufa je? "Nao pia."

Hesabu gani hiyo? Ukimwandika maiti kuwa amehama, njaa inapungua na hakuna aliyekula! Wewe wakuchinje kwa ajili ya watoto hao, halafu yeye awafute kwa kalamu. Nikachukua nyundo nikapasua meza yake. Niliitengeneza mimi, najua viungo vyake vinapoachia. Yeye sikumgusa. Nilitaka, wallahi. Akapiga kelele: "Basi nenda mwenyewe!"

Naenda. Alhamisi, na msafara wa malori ya maharage. Nimetengeneza ubao mpya, nimeukata katikati nikautia bawaba. Unakunjika kama sanduku, haufanani tena na bunduki. Ule wa kwanza, alionirudishia dereva, nimebaki nao. Damu yako imeingia ndani ya mbao, randa haiitoi. Nimeacha kujaribu.

Lala, mrefu wangu. Nakuahidi hakuna mtoto wa Muyinga atakayeandikwa amehama kabla sijamtafuta. Akina mama wataniuliza uko wapi, nami sitawadanganya. Najua watawakumbatia watoto wao na kurudi nyuma. Basi nitaufungua ubao pale chini, nilale mimi kwanza. Mimi mfupi, lakini hata miguu yangu itatoka nje. Nitalala hapo mpaka wote wameniona.

Halafu nitaamka.

Sheikh wako,
Juma, fundi mbao